Nilisema Imelala

Walukuba, Jinja
11 Februari 2024

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mjukuu wako Patience, ambaye sasa amepoteza meno mawili ya mbele na anajiona bibi. Sisi wazima. Wewe je, goti linasemaje? Nimesikia mvua imeanza mapema huko Wanale. Tafadhali usipande mlimani kutafuta malewa, hayo machipukizi yako ya mianzi, kama kijana. Ukiteleza, majirani watanipigia simu mimi.

Simu yenyewe nimeshakata tamaa nayo. Unasema haloo mara kumi, husikii kitu, halafu unanikasirikia. Masikio yako uliyaacha kwenye uwanja wa shabaha, basi tuendelee na karatasi. Ronnie wa gari la vifurushi anapita Mbale kila wiki na amekubali kuwa posta yetu.

Kazi ya kulinda shamba inaendelea. Tumbili wa huku Wanyange wameharibika kabisa. Zamani walikuwa wanaiba mahindi wanakimbia. Siku hizi wanavunja, wanaonja, wanatupa, wanavunja lingine. Juzi walimaliza mistari sita kabla ya chai. Lakini nina habari. Bwana Bramwel, yule meneja wetu Mkenya, ameleta bunduki mpya. Si kama zile zako za kuinua mkono wa bolti, kuvuta, kusukuma, kushusha. Hii unavuta moja kwa moja nyuma, unasukuma moja kwa moja mbele, kwisha. Ganda limetoka, risasi nyingine imeingia, na jicho lako halijaondoka kwenye shabaha. Jana niliangusha tumbili watatu kabla wenzao hawajajua pa kukimbilia.

Mzee Nasur, mlinzi mwenzangu, anasema ni bunduki ya watu wavivu. Anasema wewe, afande Khaemba, ukiiona utailaani. Mimi namwambia afande Khaemba ataomba ashike kidogo. Anakusalimu sana. Kila mgeni akija shambani anamwambia, "Huyu ni binti wa aliyenifundisha kazi," na mimi najifanya sisikii.

Binti yako,
Nangila


Namakwekwe, Mbale
20 Februari 2024

Kwa binti yangu Nangila,

Barua imefika, haikuloana. Mimi mzima isipokuwa goti. Malewa nimenunua sokoni, usinifundishe.

Mwambie Nasur nimepokea salamu. Aliponikuta kwenye ghala la silaha la magereza alikuwa hajui hata kufuta mafuta, na alipoondoka alikuwa askari. Kwamba alikutafutia kazi hiyo bila mimi kumwomba, sijasahau.

Sasa hiyo bunduki. Nimeisoma barua yako mara tatu na kuna kitu hukukiandika. Bunduki zetu, mkono wa bolti ukiwa juu, hata mtu aliye ng'ambo ya mto anaona imelala, haiwezi kulia. Unampa mwenzako, unasema imelala, naye anaona kwa macho yake. Hiyo yako mkono hauinuki. Je, inalala vipi? Kitu kisichoonyesha kama kimelala au kiko macho sikipendi, hata kikiwa mbwa.

Fanya hivi. Ukimaliza kupiga, vuta bolti hadi mwisho uiache wazi, utie kidole ndani ya chemba. Kidole, siyo jicho. Ndipo useme imelala. Aliyepiga mwisho ndiye anayeilaza, hakuna mwingine. Hiyo ni sheria ya zamani kuliko mimi.

Nimewasomea wazee wa kanisani habari ya tumbili watatu. Mmoja amesema mwanamke hawezi. Nimemwambia alete wanawe watatu washindane shabaha na wewe mmoja.

Baba yako,
Sajenti Khaemba, mstaafu


Walukuba
9 Machi 2024

Baba,

Mimi ni mzima. Patience ni mzima. Nimeanza hivyo ili usishtuke.

Jumanne asubuhi tulikuwa kwenye kipande cha mahindi karibu na mfereji, tukifukuza tumbili. Tulipokuwa tunavuka mfereji kurudi, bunduki ikiwa mkononi mwa Mzee Nasur, ililia. Ilimpata Janepher, yule mama anayetupikia chai. Alikuwa upande wa pili anachota maji. Risasi imeingia chini ya goti. Yuko hai, yuko hospitali.

Polisi wamemchukua Mzee Nasur. Walipomuuliza alisema maneno matatu tu, "Ilikuwa mkononi mwangu."

Usije, Baba. Hakuna utakachofanya. Nimeandika ili usisikie kwa watu.

Binti yako,
Nangila


Namakwekwe, Mbale
16 Machi 2024

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Namshukuru Mungu hukuwa wewe upande ule wa mfereji.

Nasur nimemkasirikia mpaka nimeshindwa kula. Nilimfundisha miaka minne. Hakuna bunduki inayolia yenyewe. Aliipokea, hakuikagua, akavuka nayo na kidole mahali pasipo pake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lililovunjika ni la mama wa watu.

Bwana Bramwel alikuja hapa Alhamisi na wakili. Mtu mstaarabu. Alisema polisi wanataka maelezo ya mtu anayejua silaha, na Nasur mwenyewe hataki kujitetea, hivyo kesi ni nyepesi. Niliwauliza mambo yalivyokuwa, wakanionyesha maelezo yako uliyoyaandika polisi. Yalitosha. Maneno ya mwanangu sihitaji kuyapima. Nimeandika kurasa mbili kwamba kosa ni la aliyebeba, na nimetia sahihi kwa cheo changu.

Imeniuma, lakini silaha haina urafiki. Wewe kaa mbali na mambo hayo sasa. Mpeleke yule mama maziwa.

Baba yako,
Sajenti Khaemba, mstaafu


Walukuba
28 Aprili 2024

Baba,

Samahani kwa kukaa kimya. Tupo tu. Patience anauliza kwa nini siimbi ninapofua.

Janepher wamemkata mguu. Waliungoja wiki tatu, ukaoza. Ninaenda kumwona kila Jumapili na maziwa, kama ulivyosema. Juzi alinishika mkono mbele ya wagonjwa wote akasema, "Mwoneni huyu dada, kazini tulikuwa tunasalimiana tu, leo ndiye ananiosha nywele. Mungu akupe, Nangila. Siyo kama yule mzee mwenye laana." Wale wagonjwa wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia, Baba. Nilisema amina.

Nyumbani kwa Mzee Nasur ni mstari wa tatu wa nyumba kutoka kwetu. Mwezi wote wa Ramadhani mkewe alinipa chakula cha futari nimpelekee mahabusu, kwa sababu miguu yake imevimba na anasema mimi ni kama mtoto wa nyumba. Mzee alikuwa anapokea bakuli, ananiuliza habari za shule ya Patience, anauliza goti lako. Haulizi kingine. Ananitazama usoni mpaka mimi ndiye nainamisha kichwa.

Ile karatasi uliyotia sahihi, Baba, mtu anaweza kuirudisha?

Nangila


Namakwekwe, Mbale
5 Mei 2024

Nangila,

Sisi wazima huku.

Nimesoma barua yako. Nimetoa na ile ya Februari, na ile ya Machi, nimeziweka mezani zote.

Nakuuliza swali moja. Asubuhi ile, nani alipiga mwisho?

Baba


Walukuba
2 Juni 2024

Baba,

Swali lako nimekaa nalo wiki nne. Ronnie amepita mara nne na kila mara nimemwambia bado sijamaliza kuandika.

Ni mimi.

Nilipiga mara mbili, tumbili wa pili akaanguka kutoka kwenye mti akanasa kwenye tawi. Mkono wangu ukavuta na kusukuma wenyewe, kama ulivyonifundisha tangu nina miaka kumi na miwili, kwamba bunduki isikae tupu wakati adui bado yupo. Na bunduki za zamani baada ya hapo mkono unainua bolti, unaiacha juu. Hii haina juu. Mkono wangu ulitafuta pa kuinua, haukupata, ukaacha. Bolti ilikuwa mbele, risasi ndani. Sikuvuta. Sikutia kidole. Nilikuwa namtazama yule tumbili kwenye tawi, nafurahi, nafikiri jinsi nitakavyokuandikia.

Tukafika mfereji. Mzee Nasur akanyoosha mkono aibebe ili mimi nivuke kwanza. Akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Imelala." Alikuwa na haki ya kuikagua, najua. Aliitazama bolti, nayo haikumwambia kitu, kwa sababu ile bunduki ikilala na ikiwa macho sura ni moja. Akachukua neno langu. Baba, aliniamini kwa sababu mimi ni wako. Kisiki cha muwa ulioota ukingoni kikakamata kifyatulio alipokuwa anapanda.

Polisi walipofika niliandika ukweli kuanzia mahali bunduki ilipokuwa mkononi mwake. Sikudanganya neno hata moja, nilichagua tu pa kuanzia. Nilijiambia akisema yeye, nitakubali. Hakusema. Siku ya pili nikajiambia kesho. Kisha wewe ukatia sahihi na mimi nikaona sasa nikisema nitakuwa nimewavua nguo watu wawili.

Naona aibu hata kulala. Niambie nifanye nini, nitafanya leo.

Binti yako,
Nangila


Namakwekwe, Mbale
8 Juni 2024

Mwanangu,

Nimekuandikia siku ileile barua ilipofika.

Usifanye kitu.

Nisikilize kabla hujakasirika. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Mguu wa yule mama hautaota ukisema. Nasur ana miaka sitini na tatu, watoto wake wakubwa wako Bombo na wanajiweza. Amefanya kazi magereza, askari wa pale wanamheshimu, hatateseka. Atapewa mwaka, labda na nusu, atatoka. Wewe ukiingia, Patience atabaki na nani? Na mimi, kiziwi, mwenye goti moja? Na tena amekubali mwenyewe. Ilikuwa mkononi mwake, hilo ni kweli na sheria inasema anayepokea akague.

Kuna jambo lingine na nitalisema. Watu hapa wananiita afande nikipita. Maisha yangu yote nimekuwa mtu ambaye sahihi yake haikurudi. Sina kitu kingine, Nangila. Sina shamba wala nyumba ya ghorofa. Nina hilo tu.

Mpeleke mama yule maziwa. Wapelekee na watu wa Nasur. Muda utapita. Barua hii ichome.

Baba yako


Walukuba
23 Juni 2024

Baba,

Patience ni mzima. Mimi ni mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, Ronnie akingoja kama kuna jibu. Nikamwambia hakuna. Nikaingia ndani nikakaa kitandani nikalia mpaka Patience akarudi kutoka shule. Siyo kwa sababu ya mahabusu. Nilikuwa nafikiri aibu yote ni yangu, na nilikuwa nimejifunza kuibeba. Sikujua kwamba ningekuonea aibu na wewe.

Miaka yote nilipokuwa mtoto kule kambini ulinipiga mara moja tu, niliposema nimefuta mtutu na sikuwa nimefuta. Kwa ajili ya mtutu, Baba.

Jumatatu nilienda polisi. Nilianza kusema nikiwa bado sijakaa. Yule afande wa dawati aliniuliza kama nimepewa kitu na watu wa Nasur ili niseme hivyo. Walinilaza siku mbili, kisha wakaniachia kwa dhamana. Patience alilala kwa mke wa Mzee Nasur, ambaye alikuwa hajui bado. Alipojua Jumatano alimleta Patience mpaka mlangoni kwangu, akaniwekea na nguo zake zimefuliwa na kukunjwa, akaondoka. Ningependa angenitukana.

Kwa Janepher nilienda mwenyewe. Nilimwambia yote. Alinisikiliza, halafu akasema, "Zile nywele usiziguse tena." Nimeacha maziwa kwa nesi.

Bwana Bramwel amenifukuza kazi na ameniambia ningekaa kimya ingekuwa nafuu kwa wote. Ni maneno yako yaleyale, isipokuwa yeye hakunizaa.

Mzee Nasur bado yuko ndani. Wanasema kuna maelezo ya mtaalamu wa silaha kwenye faili, yana cheo na sahihi, na maneno yangu peke yake hayatoshi kuyaondoa. Sikuwaambia kitu kuhusu barua yako. Sikuichoma pia. Sikuombi chochote.

Nangila


Namakwekwe, Mbale
14 Septemba 2024

Mwanangu Nangila,

Natumai hamjambo wewe na mtoto. Mimi niko. Nimeanza barua hii mara nyingi tangu Juni, na kila nikifika kwenye habari za afya naona nimeshajidanganya, naacha.

Ile barua yako ya mwisho umeitia sahihi jina tu. Nimeona.

Julai sikufanya kitu. Nataka ujue hivyo, usije ukafikiri nilikimbia siku ya kwanza. Nilikaa hapa, naenda kanisani, naitwa afande, naitikia. Agosti Jumapili moja yule mzee aliyesema mwanamke hawezi alisimama baada ya ibada akaniomba niwafundishe vijana wa parokia juu ya uaminifu. Nilisimama mbele nikafungua mdomo. Nilirudi nikakaa. Wakafikiri ni goti.

Siku ya pili nilipanda gari la Ronnie kuja Jinja. Nilienda polisi nikasema maelezo yangu ya Machi nayaondoa. Yule ofisa kijana aliniandikia maswali kwenye karatasi kwa sababu ya masikio. Aliandika, "Kwa nini ulithibitisha kitu usichokiona?" Nikamjibu kwa sababu aliyeniambia ni mwanangu. Akaandika, "Na kwa nini umekaa mpaka Agosti?" Hilo nilimjibu pia. Niliandika kwa mkono wangu kwamba nilijua tangu Juni na nilikuamuru unyamaze. Sasa liko kwenye faili, na wewe hukuhitaji kulitoa.

Nasur walimwachia baada ya siku nane. Nilirudi tena kumwona. Nilifika kwake Walukuba nikakaa kwenye kiti cha nje, mkewe akaniletea chai, siku zile zile za kwanza za uhuru wake. Amekonda. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili cha kambini, nimesimama wima, kwa sababu sijui namna nyingine. Alinishika bega akanikalisha. Alichukua kalamu akaniandikia kwenye daftari la mjukuu wake. Aliandika kwamba alijua tangu risasi ilipolia kwamba uliisahau, na alikuwa anangoja useme mwenyewe, alitaka kukupa nafasi. Kisha akaandika, "Ningesema mimi kwanza, afande, ungeniamini?"

Kalamu akanipa mimi. Tulikunywa chai ikaisha, nikamrudishia kalamu bila kuandika kitu, na jibu tulilijua wote wawili.

Kutoka kwake mpaka kwako ni mistari mitatu. Nilikuja, Nangila. Mlango wako ulikuwa wazi. Ulikuwa umeinama unafua, umenipa mgongo, na yule mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi anakatakata karatasi. Hakunijua, labda kwa sababu ya kofia. Alinitazama, mimi nikamtazama. Ningeweza kukuita. Siku hizi sijui sauti yangu inatoka kwa ukubwa gani, niliogopa itatoka kubwa na majirani watatokeza, lakini nikisema hiyo ndiyo sababu nitakuwa naanza tena kujidanganya. Niliuonea aibu uso wako. Mtu wa miaka sabini na mmoja nilizunguka nyuma ya choo cha mtaa ili usinione nikiondoka, nikaenda nikamngoja Ronnie pale barabara ya Nalufenya mpaka alipomaliza kupakia.

Nimesikia kesi yako ni tarehe nane Oktoba. Wakili niliyemwona anasema kwa kuwa ulijisalimisha mwenyewe huenda usifungwe, lakini hakuna anayejua. Ukifungwa, nitamchukua mtoto. Nimeshaomba nafasi shule ya hapa karibu na nimehamisha kitanda.

Nitakuja siku hiyo. Nitafika mapema. Niandikie kama unataka nikae karibu na wewe au nikae nyuma. Usipoandika, nitakaa nyuma.

Baba yako,
Khaemba